Barua kwa mwanangu: anza na miguu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili. Unauliza utamtambuaje mwanafunzi anayezama kabla matokeo hayajabandikwa, maana umekabidhiwa kundi la wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu wodini na hutaki mtu adisko, yaani aondolewe chuo kwa kufeli, mikononi mwako. Kumtambua, mwanangu, ni kazi ndogo. Nimefanya uuguzi miaka 31, nakwambia anaonekana.

Anza na miguu. Unakumbuka pale Temeke, wewe na kaka yako mkirudi shule, nilitazama viatu kabla sijauliza mtihani. Mgonjwa vilevile. Faili litakueleza mengi, ila miguu haijui kuficha.

Mwaka 2009 wodini kwetu alikuja kijana wa mwaka wa tatu, mrefu, mpole, mtu wa mikoani. Kwenye raundi alisimama nyuma ya wenzake, upande wa dirisha. Mwalimu akimuuliza, anaanza sentensi ya Kiingereza, anaikatiza katikati, kimya. Wenzake wanatazama chini. Lakini mimi zamu ya usiku nilimsikia kwa masikio yangu akimweleza mzee wa kitanda cha saba kwa nini moyo ukichoka kusukuma damu, maji yanajaa miguuni. Kwa Kiswahili, taratibu, akibonyeza kwa kidole pale juu ya kifundo na kumwonyesha lile shimo linavyobaki. Mzee alielewa. Hata mimi nilielewa upya.

Na kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi wa vidonda, mafundo yamepangwa vizuri kabisa, kazi ya daktari. Nilikiona. Nikapita.

Alfajiri moja nikamkuta amelala stoo ya mashuka. Nikamfokea, nikamwambia hapa si gesti. Akasema, "Samahani, sista," akalikunja shuka mara nne, akalirudisha mahali pake, akatoka. Nilimwona mvivu. Baadaye ndipo wenzake wakanieleza kwamba bumu lake lote, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, alikuwa akiwatumia wadogo zake ada, hosteli alishaondoka. Akapata sapu tatu, yaani mitihani ya marudio, akazirudia, akadisko. Lile shuka bado naliona.

Kwa hiyo swali lako ningeligeuza: ukishamwona, utamwambia nani, na lini? Mimi niliona kila kitu, nikajiambia nesi si mwalimu.

Najua utanijibu kwamba huruma haitibu mtu. Kweli. Asiyejua dozi ya mtoto akipitishwa kwa kuonewa huruma, kesho anazikwa mtoto wa mtu, na mimi nimeziosha maiti hizo. Si kila aliyeingia atatoka daktari. Lakini tangu shule ya udaktari ianze hapa Dar mwaka 1963, wanaoingia ni wale waliokuwa wa kwanza makwao. Ukiwakusanya wa kwanza watupu, lazima mmoja awe wa mwisho, na huyo hajawahi kuomba msaada maishani mwake. Hajui hata unaombwaje. Atakaa kimya mpaka karatasi ibandikwe.

Yule wangu alikuwa anajua. Angekaa mtu naye kitandani kwa mgonjwa, amwache achukue historia na kupima mwanzo mpaka mwisho bila kumkatiza, angeliona hilo siku ya kwanza. Angemruhusu aeleze kwanza kwa Kiswahili, kisha warudie pamoja kwa Kiingereza. Mwingine kweli hajui, huyo unamrudisha kwenye fiziolojia, unamuuliza maswali kila siku badala ya kumwacha asome kurasa zilezile. Mwingine halali, au moyo umemwinamia, anahitaji mshauri kabla ya kitabu. Sapu inawapima wote kwa kipimo kimoja.

Sasa huyo binti uliyemtaja, anayechelewa kila Jumatatu. Unauliza umpeleke kwa mkuu wa idara au usubiri mtihani. Jibu ninalo mdomoni, na unajua ninavyopata shida kunyamaza. Ila sijaiona miguu yake, na safari hii sitaki kufoka kwanza.

Muulize Jumatatu anatokea wapi, anapanda daladala ngapi, na Jumapili usiku analala kwa nani. Muulize mkiwa wawili. Ukija Jumamosi uniambie alivyojibu, nitakuwa nimepika ile samaki ya nazi.

Mama yako