Lenzi kubwa bapa yenye mifereji (Fresnel), LED ya wati 100, mbona mwanga hauendi mbali?

Wati 100 hazikusaidii hapo; kinachotawanya mwanga ni upana wa LED yenyewe. Kwa lenzi yenye umbali wa fokasi (kutoka lenzi hadi pale miale ya jua inapokutana) wa milimita 300, LED ya milimita 25 hutoa duara lenye upana wa mita 8 hivi ukiwa mita 100. Ya milimita 3, mita 1 na kidogo. Weka hiyo ndogo, juu ya kipoza joto cha alumini. Upande wa lenzi wenye mifereji utazame nje, ule laini uelekee LED (wengi hukosea hapa). Sogeza LED taratibu ukimulika ukuta wa mbali, si wa karibu, hadi umbo la LED lionekane. Mchana funika lenzi: jua likiingia huunguza LED, hata boksi la taa.