Jina lako kutajwa kwenye mkataba hakukufanyi mhusika

SWALI: Kaka yangu yuko Muscat kikazi. Mwaka jana aliandikiana na fundi mkataba wa kunijengea nyumba Chanika. Mkataba unasema nyumba ni yangu, nami nilisaini kama shahidi. Fundi kaishia kwenye lenta, simu hapokei. Jamaa mmoja karibu na mahakama kanitoza laki moja na nusu aandike madai kwa jina langu. Kanionyesha Kifungu cha 2 cha Sheria ya Mikataba. Huku mwenye duka la vifaa ananidai saruji na nondo alizokopa fundi. Nifanyeje?

JIBU: Dada, zuia hayo madai yasifunguliwe. Mkataba ni wa kaka yako na fundi. Wewe ni mtu wa tatu, hata kama nyumba ni yako na jina lako limeandikwa humo mara kumi. Fundi akipata wakili mzuri, kesi itatupwa na unaweza kuamriwa umlipe gharama.

Hicho kifungu nakijua, maana nimeshakiona kwenye madai mengi ya aina hii. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, imefuata ile ya India ya 1872, na inasema kinachotolewa badala ya ahadi kinaweza kutolewa na aliyeahidiwa au na mtu mwingine yeyote. Watu wanasoma "mtu mwingine yeyote" wanaona mlango umefunguka. Haujafunguka. Kifungu kinahusu nani anaweza kutoa hela, hakisemi nani anaweza kushtaki. Na kwako hakigusi kabisa, kwa sababu hela alitoa kaka.

Uingereza, mwaka 1861, wazee wawili walikubaliana kila mmoja ampe fedha kijana William Tweddle aliyemwoa binti wa mmoja wao. Wakaandika waziwazi kwamba William ana uwezo wa kushtaki. Baba mkwe akafa kabla ya kulipa, William akamshtaki msimamizi wa mirathi, akashindwa: hakuwa mhusika. Waingereza walikuja kulegeza kanuni hiyo kwa sheria ya 1999. Sisi hatujailegeza hivyo, na sheria zao tulizorithi ni zile zilizokuwepo hadi tarehe 22 Julai 1920. Ndiyo maana naumia nikiona mkataba wa kibanda cha Tabata unanukuu sheria ya 1999. Mtu kapakua mtandaoni, kabadilisha majina, kachukua hela ya mteja.

Mwenye haki ya kudai ni kaka. Kwa kuwa yuko nje ya nchi, akupe hati ya uwakilishi iliyothibitishwa kisheria, kesi ifunguliwe kwa jina lake, wewe uisimamie. Ubalozi wetu Muscat utamwelekeza namna ya kuithibitisha. Kwa madai ya mkataba ana miaka sita tangu fundi alipouvunja, lakini msikae. Piga picha za jengo sasa hivi na tunza risiti zote za hela alizotumiwa fundi. Na wewe utafaa sana kama shahidi, kwani ndiyo kazi uliyosaini.

Kuhusu duka, kanuni ile ile iliyokunyima haki inakukinga. Fundi ndiye aliyekopa. Kwamba saruji imeingia kwenye ukuta wako hakukufanyi mdaiwa, ila kama ulimtuma akuchukulie kwa niaba yako, au ulimdhamini. Mwambie mwenye duka akuonyeshe daftari, utazame sahihi ni ya nani. Usilipe hata kidogo "kupoza mambo", maana kesho atasema ulikubali deni.

Neno hilo, kudhamini, ndilo linalowaliza watu wengi ofisini kwangu. Mtu anaitwa na jirani "njoo unishuhudie", anasaini, miezi minane baadaye anafuatwa na wakopeshaji. Shahidi anathibitisha tu kwamba aliona watu wakisaini. Hadai wala hadaiwi. Mdhamini anabeba deni sawa na mkopaji, na kama mkataba hausemi vinginevyo, mkopeshaji anaweza kumfuata yeye kabla hata ya kumgusa aliyekula hela. Vishoka, yaani wanaojifanya mawakili bila kuwa nao, hawaelezi hayo kwa sababu wengine hawayajui, na wanaoyajua wanalipwa na mkopeshaji. Kabla ya kumpa mtu hela akuandikie chochote, tafuta jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wa mtandaoni wenye majina ya mawakili. Muhuri si ushahidi, unachongwa mtaani.

Na fomu zile zinazouzwa kwenye maduka ya fotokopi, tazama chini kabisa. Nyingi nilizoziona zina mstari mmoja: "Shahidi/Mdhamini". Kama umeitwa kushuhudia, kata neno la pili kwa kalamu, weka sahihi fupi pembeni ya ulipokata, wahusika wote wafanye hivyo hivyo, ndipo uandike jina lako.