Navua changu kwa mshipi: nitumie chambo gani?

SWALI: Shikamoo mzee. Navua kwa mshipi juu ya mwamba hapa Tanga, natafuta changu. Huenda na kamba, ngisi na vipande vya kibua, na hubadilisha kila baada ya dakika chache. Chambo kinaliwa, samaki simpati. Nimeanza kuamini sina mkono wa uvuvi. Nichague kipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkono unao. Kila unapopandisha mshipi ili ubadilishe, chambo kiko juu na changu yuko chini.

Chukua ngisi, uviache vingine nyumbani kwa sasa. Changu hula kaa na konokono, ana meno ya nyuma ya kusagia magamba, kwa hiyo ugumu wa ngisi haumsumbui. Kamba ni mtamu kwa kila samaki, na hapo ndipo tatizo: ni laini, wadogo wanamnyofoa kabla changu hajafika. Kibua mweke siku ya kuvua chewa.

Kata ukanda mwembamba, urefu wa kidole cha mwisho, uutoboe mara mbili na uache ncha ya ndoana wazi. Ngisi awe mweupe. Akigeuka waridi na kunuka, mtupe. Mtie kwenye mfuko kabla ya kumweka kwenye barafu, kwani maji ya barafu iliyoyeyuka humlainisha na kumwondolea ladha.

Sasa kuhusu kujiamini, ambako naona ndiko kunakokuumiza. Imani ya mvuvi hujengwa na kusoma chambo kinavyorudi. Kikirudi kizima, hakijafika kwa samaki: sogea, au hakikisha chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, inagusa chini. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo hunyanyua mshipi, ongeza uzito. Kikirudi kimeliwa, furahi, samaki wapo, tumia ndoana ndogo zaidi. Kumbuka namba zake huenda kinyume: namba 6 ni ndogo kuliko namba 2. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, ama sivyo hutajua kilichokusaidia.

Anza maji yanapoanza kujaa, mahali pale pale, siku kadhaa mfululizo. Ukimpata hata changu mdogo, mrudishe majini akiwa hai, na uendelee na ngisi yule yule. Ukikwama tena, niandikie namba ya ndoana yako na chambo kilivyorudi.