Filamu za Krismasi: Tuangalie Nini Nyumba Ikijaa?

Desemba ikiingia, maswali yanayonifikia hufanana: wageni wamejaa, runinga ni moja, na kila mtu ana lake. Mimi naanza na watu watakaokaa sebuleni, filamu inafuata baadaye.

Tunakwenda Moshi kwa bibi. Tuna watoto wadogo, vijana wa sekondari, na bibi mwenyewe ambaye Kiingereza hakijui. Filamu gani moja itatufaa jioni ya tarehe 25? (Mama wa watoto wanne, Dar es Salaam)

Mama, chukua *Klaus* ya mwaka 2019. Ni katuni ya Mhispania Sergio Pablos, na michoro yake ina sura ya zile katuni za zamani zilizochorwa kwa mkono. Kijana mvivu, Jesper, anapelekwa na baba yake kufungua posta kwenye kisiwa cha baridi kali ambako koo mbili zimechukiana vizazi na vizazi. Nani atamwandikia jirani barua wakati hata salamu hawapeani? Huko anakutana na mzee mpweke anayejua kuchonga vinyago vya kuchezea, na mambo yanaanzia hapo.

Sababu yangu kubwa ya kuichagua ni Márgu, mtoto wa Kisami, jamii ya kaskazini kabisa mwa Ulaya. Anaongea Kisami tangu mwanzo hadi mwisho. Jesper hamwelewi, nasi hatumwelewi, ila tunamfuata kwa macho yake na mikono yake. Hapo bibi na mjukuu aliyemaliza kidato cha sita wanakuwa sawa kabisa.

Sehemu nyingine zina maongezi mengi, kwa hiyo mteueni kijana mmoja akae karibu na bibi, amsimulie kwa Kiswahili au Kichaga. Asione aibu kupaza sauti. Waliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mitaani, wanajua kwamba msimuliaji hodari huongeza utamu. Filamu iko Netflix. Ipakueni mkiwa bado mjini, na mjaribu kuiunganisha na runinga kabla hamjapanda basi. Kijijini siku ya sikukuu si mahali pa kuanza kutafuta waya.

Wanangu wanataka *Home Alone* kila mwaka. Niwapige marufuku? (Baba, Nakuru)

Usiwakataze, mzee. Mtoto anaipenda kwa sababu anajua kinachokuja, na furaha yake ni kukutangulia kusema, "Sasa ataanguka!" Filamu hiyo ni ya 1990, nayo imedumu kwa sababu vituko vyake havihitaji maneno. Ila tafadhali, safari hii usitoke sebuleni Kevin, yule mtoto aliyesahauliwa nyumbani, anapoingia kanisani na kukuta jirani mzee ambaye mtaa mzima unamwogopa. Mzee yule hasemezani na mwanawe. Katika filamu yote hakuna pengine panaponigusa kama hapo, na ndipo wakubwa wengi huwa wameinuka kwenda jikoni. Watoto nao waambie wazi kwamba pasi na kopo la rangi kichwani huua mtu.

Binti yangu wa miaka saba ameniuliza kama Krismasi ni ya Wazungu tu, maana kwenye filamu ndio anaowaona. Nimwonyeshe nini? (Mama, Kampala)

Swali la binti yako ni la haki, na usilipuuze. Anza na *Jingle Jangle* ya 2020. Fundi wa vitu vya kuchezea ni Forest Whitaker, yule yule aliyeigiza kama Idi Amin na kupata Oscar. Hapa ni babu aliyevunjika moyo baada ya mwanafunzi wake kumwibia kitabu cha uvumbuzi. Anayemwinua ni mjukuu wake Journey, msichana anayependa hesabu na mashine. Kuna nyimbo na rangi nyingi, na msichana mweusi ndiye mwenye akili kuliko wote chumbani. Binti yako atakaa wima.

Akilala, wewe na wakubwa wenzako mwekeeni Whitney Houston katika *The Preacher's Wife* ya 1996. Denzel Washington ni malaika anayetumwa kumsaidia mchungaji aliyechoka, halafu anaanza kuvutiwa na mke wa mchungaji. Hata usipojali hadithi, kwaya peke yake inatosha.

Za kwetu Afrika zipo pia, ingawa si za umri wake. *A Naija Christmas* ya Kunle Afolayan, ya 2021, inamhusu mama wa Lagos anayewabana wanawe watatu waoe. Mama huyo ni Rachel Oniga, ambaye alifariki miezi michache kabla filamu haijatoka, na ukijua hilo unamtazama kwa macho mengine. Kutoka Afrika Kusini kuna tamthilia ya *How to Ruin Christmas*, iliyoanza 2020 kwa ugomvi wa harusi kati ya familia mbili. Mavazi, vyakula na maneno ya mashangazi yatakuwa mageni na mazoefu kwa pamoja. Zitazame kwanza wewe mwenyewe.

Kikundi chetu cha vijana kanisani kinataka filamu ya kuzaliwa kwa Yesu hasa, si ya Baba Krismasi. (Mwalimu, Bukavu)

*The Nativity Story* ya 2006. Maria ameigizwa na Keisha Castle-Hughes wa New Zealand, aliyekuwa bado msichana mdogo, na filamu haifichi hofu ya binti aliyeposwa anayerudi kijijini na mimba. Yosefu, ameigizwa na Oscar Isaac, anapewa uzito ambao mahubiri mengi humnyima. Mnaweza kujadili jambo moja: filamu inawakutanisha wachungaji na mamajusi horini usiku ule ule, wakati Mathayo anasema mamajusi waliingia nyumbani.

Kwa wanaohitaji Kiswahili, ipo ile ya *Yesu* ya 1979, iliyotungwa kwa kufuata Injili ya Luka na kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 1,000. Kuzaliwa kupo mwanzoni tu. Inakwenda mpaka msalabani na kufufuka.

*Die Hard* ni filamu ya Krismasi au siyo? Tunabishana ofisini. (Nairobi)

Ni ya mkesha wa Krismasi, ilitoka Julai 1988, na ina damu nyingi. Watoto wakiwa wamelala, itazameni.

Nimepoteza kazi na nina madeni. Sitaki filamu ya zawadi na kicheko. (Msomaji, Mwanza)

Pole sana, ndugu yangu. Kuna *It's a Wonderful Life* ya Frank Capra, ya 1946. George Bailey anaendesha chama cha kuweka na kukopa, tuseme SACCOS ya mji mdogo, na wanachama wanapokuja wote kwa hofu kudai fedha zao, anawagawia dola 2,000 za fungate yake. Baadaye dola 8,000 za chama zinapotea, na usiku wa mkesha anasimama darajani akitaka kufa. Nakutajia hilo mapema ili lisikushtue. Kama mawazo ya namna hiyo yanakujia wewe, achana na filamu, mpigie leo mtu unayemwamini.

Ilipotoka haikuuza vizuri. Mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa, vituo vya runinga vikaanza kuirusha kila Desemba, na watu wakaipenda. Ni ndefu na haina rangi. Itazame na mtu.

Nipo kazini Muscat, Krismasi yangu ya kwanza mbali na nyumbani Tanga. (Dada)

Dada, kwako nachagua *Joyeux Noël* ya 2005. Christian Carion anasimulia mkesha wa Krismasi wa 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Ufaransa, Uskoti na Ujerumani walipoacha kupigana na kuimba pamoja. Ina vifo, lakini inajua maana ya kuwa mbali na wako. Waombe wa Tanga nao waitafute. Wakianza saa mbili usiku kwao, kwako ni saa tatu. Wapigie kwanza, mhesabu hadi tatu, mbonyeze pamoja, na simu muiache wazi.