Wasomaji Wanauliza: Kusomea Filamu na Televisheni Chuoni

Barua za mwezi huu zimetoka kwa vijana walio katika kozi za filamu na televisheni, pamoja na mmoja ambaye bado anabisha hodi. Tumechagua sita. Swali la "kamera ipi ninunue" limeletwa na wengi, kwa hiyo tumejibu mara moja kwa wote, na huenda jibu lisiwapendeze wenyewe.

Shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Nataka kusomea utayarishaji wa filamu na televisheni, lakini baba anasema hiyo si kozi, ni michezo. Nianze na diploma au niende digrii moja kwa moja? (Binti wa Morogoro)

Marahaba, mwanetu. Baba usimlaumu, anachokiona kwenye runinga ni waigizaji tu. Mwonyeshe majina yanayopita mwisho wa tamthilia yoyote: mpigapicha, fundi taa, mrekodi sauti, mhariri, msimamizi wa mavazi, mhasibu. Hao ndio kozi inaowatengeneza.

Kuhusu sifa, kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwa digrii ni ufaulu wa masomo mawili ya principal (yale makuu ya kidato cha sita) yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinakufikisha mlangoni, ila chuo kina haki ya kudai zaidi, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa mwaka wako, si wa kaka yako. Pointi zikipungua, diploma si adhabu. TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, ni njia inayojulikana, na mwenye diploma yenye GPA ya 3.0 anaweza kuomba digrii baadaye. Kwa kawaida diploma inakushikisha vifaa mapema zaidi, na digrii inakupa uandishi, historia ya filamu na utafiti kwa kina zaidi.

Kabla ya kujaza fomu, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo unachokitaka na umuulize mambo ambayo vipeperushi havisemi. Kamera moja inashikwa na watu wangapi? Vifaa huazimwa hadi wikiendi, au vinarudi stoo saa kumi jioni? Kikivunjika analipa nani? Mradi wa mwisho ni filamu, au ni maandishi ya kurasa themanini? Piga hesabu mwenyewe: darasa la watu 60 lenye kamera 4 ni watu 15 kwa kamera, na katika kipindi cha saa mbili kila mmoja anaigusa kwa dakika nane.

Nimeanza mwaka wa kwanza na nina shilingi milioni 1.8 za kununulia kamera. Mnanishauri ipi? (Mwanafunzi, Mwanza, na wengine wanne)

Usinunue kamera mwaka wa kwanza. Chuo kina kamera, na simu yako ina kamera. Kinachokosekana kwenye stoo nyingi ni hedifoni nzima, maiki ambayo waya wake haujakatika, na mahali pa kuhifadhia kazi. Nunua hivyo kwanza: hedifoni zinazofunika sikio lote, maiki ya kubana kwenye nguo, stendi imara ya kamera, na diski mbili za nje. Tunarudia: mbili.

Hesabu ya diski ni hii. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Filamu ya dakika 10 ya mwanafunzi huzaa takriban dakika 100 za picha ghafi, yaani gigabaiti 75. Zidisha kwa mbili, kwa sababu faili lililopo mahali pamoja halijahifadhiwa. Kadi ya gigabaiti 64 inabeba kama dakika 85 tu, kwa hiyo siku ya kushuti lazima awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kunakili, kulinganisha ukubwa wa folda zote mbili, kufungua faili tatu nne kuona kama zinacheza, ndipo kadi isafishwe, yaani ifutwe yote. Isafishwe ndani ya kamera, si kwenye kompyuta. Kadi iliyojaa geuza ukiiweka kwenye kiboksi, uso chini. Iliyo tupu, uso juu. Kazi za wanafunzi hupotea zaidi kwa kadi kufutwa kimakosa saa mbili usiku, watu wamechoka, kuliko kwa wizi.

Kompyuta ikibidi, angalia RAM ya gigabaiti 16 kabla ya kuangalia kingine chochote. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kozi nzima.

Tulirekodi mahojiano ofisini, kwenye kamera yalionekana vizuri. Kwenye kompyuta kuna mistari myeusi inatambaa juu ya picha. Mwalimu kasema "ni taa", hakufafanua. Na nje mchana picha zetu zinaungua nyeupe. (Mwanafunzi, Dodoma)

Mwalimu yuko sahihi. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za ofisini hupwesa (huwaka na kufifia) mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100. Jicho halioni. Kamera mliyoazima bila shaka ilikuwa imewekwa fremu 30 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde, mpangilio wa nchi zenye umeme wa mizunguko 60 kama Marekani. Kila fremu inafungua kwa mpweso mmoja na sehemu ya mwingine, hazilingani, na tofauti hiyo ndiyo mistari mnayoiona.

Tiba ni kuweka fremu 25 na shata 1/50. Hapo kila fremu inabeba mipweso miwili kamili. Kama kuna sababu ya lazima ya kubaki kwenye 30, shata iwe 1/50 au 1/100, nayo itatulia. Zipo taa za LED za bei rahisi zinazopwesa kwa mwendo wake zenyewe. Kwa hizo rekodi sekunde 10 za majaribio, uzitazame kwenye skrini kubwa, na zikigoma zima kabisa utumie dirisha. Picha mliyokwisha kuirekodi inaweza kupunguzwa mtetemo kwenye programu, ila mistari inayotambaa haitoki vizuri. Kama aliyehojiwa anapatikana, rudieni.

Hilo la nje linatokana na shata ileile. Jua kali la saa sita, kwenye ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na shata 1/50, linadai tundu la lenzi la f/22. Ninyi mnataka f/2.8, tundu pana zaidi, ili nyuma ya mtu pasionekane wazi. Hapo mwanga umezidi kwa hatua 6, kila hatua ikiwa ni mara mbili ya iliyotangulia. Wengi hukimbilia kupandisha shata hadi 1/3200, na mwendo wa watu unakuwa wa kukatakata kama katuni. Kinachotakiwa ni kichujio cha ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) cha hatua 6, kile kilichoandikwa 1.8 au 64. Kama kamera inarekodi kwa mpangilio wa log (picha iliyopauka, ya kurekebishwa rangi baadaye) na ISO yake ya chini ni 800, ongezeni hatua 3 nyingine.

Hata mkiwa na kichujio, kati ya saa tano na saa tisa jua liko utosini na macho ya mtu yanageuka mashimo. Mpelekeni chini ya mwembe au kwenye baraza, uso wake ukitazama nje palipo na mwanga, na nyuma yake pawe pamefifia. Uso mweusi usiuegemeze kwenye ukuta mweupe unaopigwa na jua: kamera ikiachiwa ijipimie itafuata ukuta, na mtu wenu atabaki kivuli. Pimeni mwanga wa uso kwanza, ukuta baadaye. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mwanga mpana unaotoka ubavuni, kwa sababu mng'ao wake ndio unaochonga shavu na paji. Mwanga wa mbele moja kwa moja unaufuta.

Kila kazi yetu inarudishwa na maneno "sauti mbovu". Tunatumia maiki ya juu ya kamera, na tunaediti kwa makini. Shida nini? (Kundi la watu watano, Dar es Salaam)

Shida ni hiyo maiki kukaa juu ya kamera. Kamera iko mita tatu kutoka kwa msemaji, na maiki iko hapohapo. Mkipunguza umbali kwa nusu, sauti ya mtu inaongezeka kwa desibeli 6 huku makelele ya chumba yakibaki yalivyo; mkipunguza tena, 6 nyingine. Kutoka mita mbili hadi nusu mita mmepata desibeli 12 bila kununua chochote zaidi ya fimbo. Buumu, yaani maiki iliyo kwenye fimbo hiyo, ikae nje kidogo ya ukingo wa juu wa fremu, ikielekea kifuani kwa msemaji, na mshikaji avae hedifoni muda wote. Asiyevaa hedifoni anabahatisha.

Rekodini kwa 48 kHz, biti 24. Sauti ya kawaida ya mazungumzo ifike kama desibeli -12 kwenye kipimo cha sauti cha kifaa, na mtu akipiga kelele isipite -6. Ikigonga sifuri imekatika, na hakuna programu ya kuirudisha ilivyokuwa. Maiki ya kubana iwekwe kifuani, kiasi cha shubiri moja chini ya kidevu. Kitenge kipya ambacho bado kina wanga ni adui yake, kwa sababu kila pumzi inasikika kama mtu anakunja karatasi. Kifueni siku moja kabla, au mwazimeni mwigizaji nguo iliyolainika.

Kabla ya kushuti, simameni kimya dakika moja mkisikiliza chumba. Feni, zima. Friji, zima, na funguo za gari au pochi ziwekwe ndani yake ili mtu asiondoke bila kuiwasha tena. Jenereta ipelekwe nyuma ya nyumba, ukuta ukiwa katikati. Azana, kengele ya shule na treni vina saa zake, viandikeni kwenye ratiba ya siku. Msirekodi sentensi ikiwa na azana nyuma yake hata kama inasikika kwa mbali: mkija kukata katikati, azana nayo itaruka, na masikio ya mtazamaji yatagundua kabla ya macho. Mvua juu ya bati ndiyo mbaya kuliko zote. Mvumo wa feni uko kwenye masafa (frikwensi) machache, unaweza kupunguzwa. Mvua imejaa kwenye masafa yaleyale ya sauti ya mtu, ukiitoa unatoa na maneno. Mvua ikianza, shutini picha zisizo na maneno, au mle chakula.

Kitu cha mwisho ambacho makundi mengi hukisahau: kila lokesheni, rekodini sekunde 30 za ukimya wa chumba, watu wote wakiwa mahali pao. Huo ndio mtaujaza kwenye mapengo baada ya kukata kikohozi. Ukimya wa sifuri kabisa kati ya sentensi mbili unasikika kama redio imezimwa.

Ndugu Mhariri, mradi wetu wa mwisho una kurasa 12 za skripti na siku tatu za kushuti. Tuko sita na sote tunataka kuongoza. Tufanyeje? (Mwanafunzi, Nairobi)

Chagueni mwongozaji mmoja kwa kura leo, na mumpe mtayarishaji uwezo wa kumwambia "muda umekwisha". Bila huyo wa pili, wa kwanza hamalizi. Wanaobaki: kamera, sauti, taa, na mmoja wa mwendelezo (kuhakikisha shoti zinaungana bila tofauti) na kibao cha kuanzia shoti, ambaye pia ndiye mlinzi wa kadi.

Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa sawasawa ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo mna kurasa 4 kwa siku. Ukurasa ukihitaji shoti 5, hizo ni shoti 20. Kila shoti, pamoja na kuhamisha taa na kurudia, inakula dakika 25. Jumla ni saa 8 na dakika 20 kabla ya chakula na msongamano wa barabarani. Inawezekana, lakini kwa shida, na ikiwa tu lokesheni ni moja kwa siku. Kuhama kutoka lokesheni moja hadi nyingine mjini kunameza saa mbili. Kama skripti ina lokesheni tano, iandikeni upya ziwe tatu.

Panga kwa lokesheni, si kwa mfuatano wa hadithi. Onyesho la jioni lipewe siku yake na liwe fupi. Kwetu karibu na Ikweta machweo hayangoji, mna kama dakika 20 za mwanga mzuri kisha giza. Anzeni na shoti pana, kisha mkaribie. Muda ukiisha mkiwa na shoti pana nzima, onyesho bado linaeleweka.

Filamu yangu ya darasani ina wimbo wa Bongo Fleva. Nataka kuipeleka kwenye tamasha. Kuna tatizo? (Mwanafunzi, Unguja)

Lipo. Wimbo una haki mbili: ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na mara nyingi ni watu tofauti. Kumtaja msanii mwishoni mwa filamu si ruhusa, na "nimetumia sekunde 15 tu" si kinga. Matamasha hudai maandishi ya wote wawili. Mjue kwanza nani anamiliki nini, kwa upande wa bara COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanaweza kukuelekeza, kisha andika barua ukitaja jina la filamu, sehemu utakayotumia na mahali itakapoonyeshwa. Usipojibiwa ndani ya mwezi, toa wimbo. Mpe mwanafunzi wa muziki chuoni kwako akutungie, na hata yeye asaini.

Ukiwa hapohapo kwenye makaratasi, hakikisha kila mwigizaji na kila mwenye nyumba amesaini ridhaa siku ileile ya kushuti, kabla hajaondoka. Kama ulishuti bara, jua kwamba kibali kinatoka Bodi ya Filamu chini ya sheria ya mwaka 1976, na kwamba droni ina kibali chake tofauti. Barua ya idara yako iambatanishwe kwenye maombi yote mawili.