Panda: kinywa cha mianzi, tumbo la mla nyama

SWALI: Panda wa China ni dubu, na dubu wako katika kundi la wala nyama. Sasa huyu anaishije kwa mianzi mitupu? Na mbona halali majira yote ya baridi kama dubu wengine?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Una haki ya kushangaa, maana tumbo lake kweli si la mla majani. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne lenye bakteria wa kuchachusha nyuzinyuzi. Panda ana tumbo moja na utumbo mfupi, na chakula hakikai humo hata siku nzima. Mwili hunyonya karibu moja ya tano tu. Ukipasua kinyesi chake utakuta vipande vya mianzi vingali kijani.

Kilichobadilika ni kinywa na mkono. Magego yamepanuka, misuli ya taya imenenepa, na mfupa mdogo wa kifundo cha mkono umerefuka ukawa kama kidole cha sita. Hulibana chipukizi kati ya mfupa huo na kiganja, hulimenya kwa meno, kisha hutafuna kiini. Kwa siku hula kilo 12 hadi 38, kazi ya saa 10 hadi 16.

Tena huchagua. Katika milima ya Qinling, huko China, huanza na machipukizi ya chini, kisha hupanda juu kufuata aina inayochelewa kuchipua. Sehemu hizo changa zina protini nyingi, hata karibu nusu ya nishati ya panda hutoka kwenye protini, sawa na wala nyama. Matumizi nayo ni ya kubana: takriban 38% ya nishati inayotarajiwa kwa mnyama wa uzito wake.

Wapo wanaosema aliacha nyama kwa sababu jeni yake ya TAS1R1, inayosaidia kuonja ladha ya nyama, ilikufa. Tusiharakishe: ng'ombe na farasi hula majani lakini wanayo jeni hiyo nzima, na panda mwenyewe akikuta mzoga huula.

Kuhusu usingizi, mianzi haimpi mafuta ya kutosha kuweka akiba, ila majani yake hupatikana hata kwenye theluji. Basi hushuka chini akaendelea kula. Balaa ni mianzi kuchanua, kwani aina moja huchanua eneo zima kwa pamoja, ikafa. Katikati ya miaka ya 1970, katika milima ya Min, panda zaidi ya 130 walikutwa wamekufa. Kabla mashamba hayajakatakata misitu, wangehamia penye mianzi ya aina nyingine.