Plagi ya 7 au 8 kwenye pikipiki ya CG125?

Mkuu, umesema pikipiki yako ya injini ya CG125 ilikuja na plagi (ile ya kutoa cheche) ya kampuni ya NGK, D8EA, sasa muuza spea anakwambia weka namba 7, yaani D7EA, ni ileile. Sio ileile. Kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, yaani inatoa joto haraka, na Denso nao wanaenda hivyohivyo ila Bosch na Champion ni kinyume, kwahiyo usilinganishe namba za kampuni tofauti bila kuangalia chati. We unabeba abiria na mizigo jua kali kutwa nzima, ukiweka ya moto zaidi kama hiyo 7 injini inaweza kuanza kugonga na pistoni ikatoboka, baki na 8 tafadhali.

Kwenye D8EA, hiyo D ni uzi wenye kipenyo cha milimita 12 na E ni urefu wa uzi, milimita 19. Urefu usicheze nao kabisa!! ikizidi pistoni inaigonga.

Kama plagi inatoka na masizi meusi makavu usikimbilie kubadili namba, angalia ea klina na kabureta kwanza, na ikiwa imelowa oili hapo ni ringi za pistoni au vali sili zimechoka.

Plagi ya iridiamu (ncha yake ni ya madini magumu ya iridiamu) haiongezi nguvu ya maana, inadumu tu. Kwenye gari kama Toyota IST ya injini ya 1NZ inalipa, ila kwa boda nunua ya kawaida orijino, pengo la kurukia cheche liwe 0.6 mpaka 0.7 mm, anza kufunga kwa mkono injini ikiwa imepoa.